Mmomonyoko

Saa nne na nusu naishusha shata ya steshenari.
Ng'ong'ona imebaki na mbwa, upepo,
na jenereta la mtu fulani linalokohoa.
Mashine ya kuchapa bado ina joto; naiegemea.
Simu iko kwenye chaji. Kiingilio: dola moja,
yaani kurasa ishirini na sita, nyeusi na nyeupe.
Nimeshapiga hesabu.

Wachezaji mia nne na kumi na wawili,
wa nchi nisizozijua, mmoja picha yake ni paka kavaa miwani.
Mimi najiita Zabibu Kavu.

Mwaka jana nilikuwa nacheza kila karata.
Kila karata, nasema: hata saba na mbili,
kwa kuwa zote ni kopa, na kopa inanipendeza.
Nikipandishiwa dau, nalipa nione.
Nikipigwa mkwara, nalipa nione.
Ugonjwa wangu ulikuwa macho.
Malogo, aliyenifundisha, akanitazama hadi akachoka:
"Wewe huchezi, unachungulia.
Na kuchungulia kuna nauli."

Basi nikaanza kuandika makosa.
Karatasi zilikuwepo. Tasnifu ya Sechelela:
wino ulivuja kwenye ukurasa wa arobaini,
zikaenda thelathini kabla sijashtuka.
Upande mmoja, mmomonyoko wa udongo Kondoa.
Upande wa pili, mimi:

Jumanne. Ree na tisa, nikiwa wa kwanza kusema. Haikufaa.
Jumanne tena. Nilipa kwa hasira.
Jumatano. Nilipa nione. Nikaona.
Alhamisi. Nilisinzia, simu ikawa inanitupia karata yenyewe.
Nilifika mbali kuliko nikiwa macho.

Hiyo ya Alhamisi iliniuma.

Usiku mmoja umeme ukakatika, mtandao nao ukaufuata
(tumebaki thelathini na watatu, malkia wawili mkononi;
sisemi zaidi),
nikaigeuza karatasi chini ya tochi, nikasoma upande wake:
kwamba watu hukumbuka mafuriko,
lakini korongo huchimbwa na vijito visivyo na jina,
msimu hadi msimu,
pale ng'ombe walipozoea kupita.

Nikageuza tena upande wangu.
Mafuriko sikuyaona.
Niliona mia mbili, mia mbili, mia mbili na hamsini,
ng'ombe wangu wale wale, njia ile ile.

Sasa natupa. Natupa ghulamu na kumi,
natupa ree aliyekuja na rafiki dhaifu.
Hakuna anayekupongeza kwa kutupa,
hakuna kengele;
saa inasogea tu, na majirani mezani wanapungua.

Juzi nilitoka wa kumi na moja. Dola tatu na senti themanini.
Si habari ya kumpigia mtu simu;
rimu ya karatasi ni zaidi ya hapo.
Na nilitoka kwa kulipa nione.
Nilijua. Kidole nacho kilijua, kikabonyeza.

Leo mchana Sechelela kaja na flashi yake,
msimamizi kamrudishia kazi mara ya nne,
wino mwekundu kila pembe, kama kuku kachinjiwa juu yake.
Akauliza zile kurasa mbovu nilizitupa wapi.
"Ninazo."
"Za nini?"
Mkwara ukanijia mdomoni, mzuri, umeiva kabisa.
Nikautupa.
Nikatoa bunda zima chini ya kaunta.

Alisoma upande wangu taratibu,
foleni ikajaa nyuma yake, mtu akaguna.
Kisha akachukua kalamu.
"Umeandika 'nilipa' mara kumi na nne," akasema.
"Ni 'nililipa'.
Hata kwenye kukiri, unajipunguzia."